Umepewa samansi ya kosa la kaunti? Haya ndiyo utakayokutana nayo kortini

Anayeuza bidhaa sokoni bila leseni, anayeegesha boda boda au gari mahali pasiporuhusiwa, mwenye baa anayeuza pombe saa ambazo sheria imekataza, anayejenga bila kibali, anayemwaga taka kando ya barabara: hawa wote wanaweza kujikuta mbele ya hakimu kwa kuvunja sheria za kaunti. Wengi wao huwa hawajawahi kukanyaga korti maishani. Hawajui wasimame wapi, waseme nini, wala siku itaishaje.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua yale ambayo mkaazi wa Macalder na maeneo mengine ya Nyatike anapaswa kutarajia akishtakiwa kwa kosa la aina hiyo. Kuna jambo moja tunaloomba kila msomaji alishike hata akisahau mengine. Swali la kwanza utakaloulizwa kortini, kama shtaka ni la kweli au si la kweli, ndilo lenye uzito kuliko yote yatakayofuata. Watu wengi hulijibu haraka ili wamalize na kurudi nyumbani. Wakishafika nyumbani ndipo wanapogundua kwamba jibu lile limewafunga.

Korti si ofisi ya kaunti

Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti kazi nyingi zinazomgusa mwananchi kila siku: masoko, leseni za biashara, maegesho, taka, leseni za vileo, vichinjio na udhibiti wa ujenzi. Bunge la kaunti hutunga sheria za kusimamia kazi hizo, na sheria hizo huanza kutumika zikishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Maafisa wa utekelezaji, ambao wengi huwaita kanjo, ndio hukagua kama zinafuatwa.

Kazi ya kaunti hukomea hapo. Anayeamua kama umekosa au hukukosa ni hakimu, na hakimu ni mtumishi wa Idara ya Mahakama. Kwa mujibu wa Kifungu cha 160 cha Katiba, mahakama haipokei maagizo kutoka kwa mtu au ofisi yoyote inapofanya kazi yake ya kuamua kesi. Gavana hawezi kumpigia hakimu simu akamwelekeza. Afisa wa kaunti aliyekukamata atakuwa shahidi tu, na ushahidi wake utapimwa kama wako.

Mashtaka nayo huendeshwa na mwendesha mashtaka anayefanya kazi kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kesi ikishafikishwa kortini, haiwezi kuondolewa bila idhini ya mahakama. Hilo limo katika Kifungu cha 157 cha Katiba. Kwa hivyo mtu akikuvuta kando kwenye korido akakuambia, "Nipe kitu kidogo niifute hii kesi," jua kwamba anakuuzia kitu ambacho hana.

Jambo lingine linalowachanganya wakaazi wetu ni machimbo. Vibali vya kuchimba dhahabu vinatolewa na serikali ya kitaifa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Kaunti haitoi kibali cha kuchimba. Lakini duka, hoteli au baa iliyo karibu na machimbo inahitaji leseni ya biashara ya kaunti kama ilivyo kwa biashara iliyo katikati ya mji. Kabla ya kujibu shtaka, hakikisha unajua umeshtakiwa chini ya sheria ipi kati ya hizo.

Kabla ya siku ya korti

Unaweza kufika kortini kwa njia mbili. Ya kwanza ni samansi, yaani karatasi ya wito inayokutaka ufike siku na saa fulani. Ya pili ni kukamatwa.

Ukipewa samansi, isome yote au mwombe mtu unayemwamini akusomee. Tazama mambo manne: jina la mahakama, tarehe, saa, na kosa unalodaiwa kufanya. Katika kaunti yetu kuna mahakama Migori, Rongo na Kehancha, kwa hivyo usitegemee mazoea wala maneno ya jirani. Nenda kwenye mahakama iliyoandikwa. Nauli ni ghali, na kukosa kesi kwa sababu ulishukia mji usio wenyewe ni hasara mara mbili.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ambazo hazitegemei hisani ya mtu yeyote. Lazima uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unauhitaji. Na lazima ufikishwe kortini mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa korti, kwa mfano wikendi, utafikishwa siku ya kwanza ya korti inayofuata.

Bidhaa zako zikichukuliwa, omba orodha ya vitu vilivyochukuliwa, iliyotiwa sahihi na yenye jina la afisa. Kama ni omena, samaki wabichi, nyanya au kitu kingine kinachoharibika, litaje jambo hilo mapema mbele ya hakimu na uombe agizo kuhusu bidhaa hizo. Ukingoja mwisho wa kesi, hapatakuwa na cha kurudishiwa.

Pengine utaachiliwa kituoni kwa dhamana ya pesa taslimu. Dhamana si faini. Ni ahadi tu kwamba utafika kortini. Dai risiti na uitunze, kwa sababu kesi ikiisha, na kama ulifika kila ulipotakiwa, pesa hizo ni zako na unarudishiwa. Mtu akipokea pesa ya dhamana bila kukupa risiti, huna dhamana. Umempa pesa tu.

Beba nini

Beba kitambulisho chako, samansi au karatasi ya dhamana, na kila karatasi inayohusu jambo lenyewe: leseni ya sasa, leseni ya mwaka uliopita, risiti za malipo, ujumbe wa simu unaoonyesha umelipa, barua uliyoandikia ofisi ya kaunti. Kama kuna mtu aliyeona yaliyotokea, zungumza naye mapema umwulize kama yuko tayari kuja kusema alichokiona. Si lazima aje siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo ushahidi hausikizwi, lakini jina lake na namba yake ya simu viwe mkononi mwako.

Beba pia nauli ya kurudi na chakula kidogo. Kesi yako inaweza kuitwa saa tatu unusu asubuhi, na inaweza kuitwa saa nane mchana.

Asubuhi ya korti

Fika mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Langoni utakaguliwa. Kwenye ubao wa matangazo hubandikwa orodha ya kesi za siku: tafuta jina lako, namba ya kesi, na chumba cha korti. Usipoliona jina lako usirudi nyumbani. Nenda kwenye dawati la huduma kwa wateja au kwa karani, umwonyeshe karatasi yako.

Ndani ya chumba cha korti, zima simu au iweke kimya, vua kofia, na ukae kimya. Hakimu akiingia, wote husimama. Hakimu huitwa "Mheshimiwa". Mbele yake huketi karani, ambaye husoma mashtaka na mara nyingi ndiye hutafsiri. Upande mmoja yuko mwendesha mashtaka. Kizimba ni mahali mshtakiwa anaposimama, na kusimama hapo hakumaanishi kwamba umepatikana na hatia. Kwa mujibu wa Kifungu cha 50 cha Katiba huna hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kinyume chake.

Korti iko wazi kwa umma. Mume, mke, mzazi au jirani anaweza kuingia na kuketi kusikiliza. Kwa mtu aliyeshikwa na woga, kuona uso anaoujua pale nyuma humsaidia kuzungumza vizuri.

Mahakama ikikuuliza unaelewa lugha gani, sema ukweli. Hakuna aibu wala adhabu kwa kutojua Kiingereza, na hata Kiswahili. Ukiona Dholuo au Kikuria ndiyo lugha unayoweza kujieleza nayo sawasawa, itaje. Una haki ya mkalimani bila kulipa hata shilingi moja, na anayetumia lugha ya ishara ana haki hiyo hiyo. Kama mkalimani anakosea maneno yako, inua mkono umwambie hakimu hapo hapo. Kinachoandikwa kwenye faili ndicho kitakachosomwa baadaye.

Swali la kwanza

Karani atasoma shtaka: kosa gani, chini ya sheria gani na kifungu gani, lilifanyika lini na wapi. Kisha utaulizwa kama ni kweli au si kweli.

Lisikilize shtaka mpaka mwisho. Kama hukulielewa, sema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nisomewe tena." Unaruhusiwa. Kama unahitaji muda wa kutafuta wakili au kusoma karatasi zako kabla ya kujibu, uombe. Katiba inampa mshtakiwa muda wa kutosha wa kujiandaa.

Ukisema si kweli, kesi itapangiwa tarehe ya kusikizwa. Ukisema ni kweli, mambo hayaishii kwenye neno hilo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu unaofuatwa mpaka leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema. Halafu mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli. Akiyapinga, au akiongeza jambo linaloonyesha kwamba kwa kweli hakukosa, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, na kesi isikizwe.

Tuchukue mfano. Tuseme mama anayeuza omena sokoni ameshtakiwa kufanya biashara bila leseni. Anaulizwa, naye anajibu, "Ni kweli." Hakimu anaandika. Yaelekea huyu atahukumiwa siku hiyo hiyo. Sasa tuseme amejibu hivi: "Ni kweli sikuwa na karatasi siku hiyo, lakini nilikuwa nimelipa, na risiti ni hii." Hilo si jibu la kukiri. Ni utetezi, na linastahili kusikizwa. Mama ni yule yule na siku ni ile ile, lakini sentensi ya pili inabadilisha mwenendo wa kesi yote. Kwa hivyo usijibu nusu. Kama kuna "lakini", iseme wakati huo huo, kwa sauti inayosikika, na uonyeshe karatasi uliyo nayo.

Asikwambie mtu ujibu nini, awe askari, afisa wa kaunti, mtu mliyekuwa naye seli, au anayejifanya anawajua watu wa ndani. Na ukiwa umeshakiri kisha ukatambua kwamba hukuelewa, unaweza kumwomba hakimu ubadilishe jibu lako kabla hajatoa adhabu. Kukubali au kukataa ni juu yake, lakini ombi lenyewe halina ubaya. Adhabu ikishatolewa, mlango huo umefungwa.

Hofu ya rumande

Kwa nini mtu asiye na kosa akubali kosa? Mara nyingi si kwa sababu ya uongo. Ni hesabu. Anafikiri hivi: nikikana nitawekwa rumande wiki mbili, watoto watakula nini? Afadhali nikubali, nilipe, niende.

Hesabu hiyo imejengwa juu ya hofu ambayo sheria imeiwekea mpaka. Kifungu cha 49, sehemu ya pili, kinasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa kadhaa ya sheria za kaunti yako ndani ya kipimo hicho. Kwa makosa hayo, kukana shtaka hakukupeleki rumande.

Hujui adhabu ya kosa lako? Uliza ukiwa kizimbani: "Mheshimiwa, naomba kujua adhabu ya juu ya kosa hili ni ipi." Kama ni zaidi ya miezi sita, bado una haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Hali yako ya maisha ni jambo la kumweleza hakimu. Ukipangiwa dhamana ya pesa usizozimudu, mwambie kazi unayofanya, unakaa wapi na una watoto wangapi, kisha omba ipunguzwe. Anayeweza kukudhamini, kwa mfano ndugu, mzee wa kijiji anayekujua au mwenzako wa chama, afike na kitambulisho chake.

Ukikana: kesi inavyokwenda

Utapewa tarehe. Iandike mahali ambapo hutaipoteza. Tarehe nyingine huwa za kutajwa tu, yaani korti huangalia kesi imefikia wapi, na nyingine ni za kusikizwa, ambapo mashahidi hutoa ushahidi. Mwulize karani tarehe yako ni ya nini, ili ujue kama utahitaji kuja na mashahidi.

Kabla ya siku ya kusikizwa una haki ya kujulishwa ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Omba nakala za taarifa za mashahidi. Siku yenyewe, upande wa mashtaka huanza. Kila shahidi wao akimaliza, unapewa nafasi ya kumwuliza maswali. Hapa watu wengi huharibu, kwa sababu badala ya kuuliza hubishana. Maswali mafupi ndiyo yanayosaidia: "Ulifika kwangu saa ngapi?" "Uliniuliza risiti?" "Siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda hiki au kile?"

Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu huamua kama una kesi ya kujibu. Kama hakuna ushahidi wa kutosha, unaachiliwa hapo hapo bila kusema lolote. Kama ipo, utachagua kati ya njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo, na hapo utaulizwa maswali, kujieleza bila kiapo, bila kuulizwa maswali, au kunyamaza. Mashahidi wako nao watasikizwa. Mwisho hakimu hutoa hukumu na sababu zake.

Si lazima uwe na wakili. Ukimtaka, una haki ya kumchagua unayemtaka kwa gharama yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasio na uwezo. Mwulize karani jinsi ya kutuma maombi, au ni mawakili gani wa kujitolea wanaofika katika mahakama hiyo.

Ukikiri, au ukipatikana na hatia

Sheria za kaunti zipo kwa sababu. Soko lisilo na utaratibu halina choo wala maji, na baa inayokesha hunyima usingizi wagonjwa na watoto wa shule. Ikiwa kweli ulikosa na huna "lakini", kukiri mapema ni jambo la heshima, na mahakama hulitilia maanani inapopima adhabu.

Kabla ya adhabu, hakimu atakuuliza kama una la kusema. Hayo ni maombi ya kupunguziwa, na usiyapoteze kwa kusema "sina" kwa sababu ya woga. Sema kama ni kosa lako la kwanza. Sema unategemewa na nani. Kama tangu siku ile umeshalipia leseni, onyesha risiti. Kulipa baada ya kushtakiwa hakufuti kesi, lakini kunaonyesha umerekebisha.

Adhabu si faini tu. Hakimu anaweza kukuachilia kwa onyo, au kwa sharti kwamba usirudie kosa kwa muda fulani. Anaweza pia, chini ya Sheria ya Maagizo ya Kutumikia Jamii ya mwaka 1998, kukuagiza ufanye kazi ya umma bila malipo, kama kusafisha soko au uwanja wa zahanati, ukisimamiwa na afisa wa probesheni, huku ukilala kwako kila siku. Kama huna pesa za faini, mwulize hakimu kuhusu njia hiyo.

Ukipigwa faini, hakimu hutaja pia kifungo utakachotumikia usipolipa. Isipokuwa sheria husika iseme vingine, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka ukomo: faini isiyozidi shilingi 500, siku 14, isiyozidi 2,500, mwezi 1, isiyozidi 15,000, miezi 3, isiyozidi 50,000, miezi 6, na zaidi ya hapo, miezi 12. Kama unaweza kulipa lakini si leo, omba muda kabla hakimu hajaita kesi inayofuata.

Faini ya mahakama hulipwa kwa njia rasmi utakayoelekezwa na karani, na risiti hutolewa. Haipitii kwenye simu ya askari wala mfukoni mwa mtu aliye langoni. Subiri risiti yako, hakikisha namba ya kesi ni yako, kisha uihifadhi nyumbani. Ukiombwa hongo, iwe na mtu wa kaunti, polisi au mtumishi wa korti, peleka malalamishi kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kuhusu huduma ya mahakama, kuna ofisi ya malalamishi ya Idara ya Mahakama. Kuhusu polisi, kuna mamlaka huru ya kuwasimamia, IPOA.

Usipofika

Kosa dogo hugeuka kubwa siku unayokosa kufika. Hakimu anaweza kutoa waranti ukamatwe, na dhamana uliyoweka inaweza kuchukuliwa na serikali. Aliyekudhamini naye ataitwa ajieleze. Ukiugua, ukifiwa, au barabara ikikatika kwa mvua, tuma mtu kortini asubuhi hiyo hiyo na ushahidi, kama karatasi ya hospitali, na namba ya kesi. Ukikumbuka siku iliyofuata, nenda mwenyewe kwa karani kabla ya kutafutwa. Hakimu husikiliza tofauti anapomwona mtu aliyejileta.

Usiporidhika

Una siku 14 tangu hukumu itolewe kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Migori. Omba nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu siku ile ile.

Hapa ndipo jibu la swali la kwanza linaporudi. Aliyekana na kusikizwa anaweza kupinga hatia yenyewe na adhabu pia. Aliyekiri hana rufaa juu ya hatia. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu kulalamikia tu ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mahakama Kuu inaweza kuingilia kati ikiwa utaratibu wa kupokea jibu lake haukufuatwa, kwa mfano kama hakusomewa kwa lugha anayoijua. Lakini kusema baadaye, "Nilikubali tu ili niende nyumbani," ni utetezi dhaifu, na ile hatia inabaki kwenye kumbukumbu za mahakama.

Kabla hayo yote hayajafika

Mwenye biashara asisubiri kanjo wafike ndipo aulize anahitaji leseni gani. Uliza katika ofisi ya kaunti iliyo karibu nawe, lipa kwa njia rasmi, bandika leseni mahali inapoonekana, na uweke picha ya risiti kwenye simu. Kama umelipa na leseni imechelewa, andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Karatasi hiyo moja inaweza kumaliza ubishi pale pale kibandani, na isipoumaliza, ndiyo utakayomwonyesha hakimu.

Na kwa yeyote ambaye samansi iko mfukoni sasa hivi, haya ndiyo ya kukumbuka: fika mapema kwenye mahakama iliyoandikwa, taja lugha yako, sikiliza shtaka mpaka mwisho, uliza adhabu ya juu ni ipi, jibu ukweli wote pamoja na "lakini" yake, lipa penye risiti tu, na usikose tarehe.